Goti bandia: usiulize bei tu

Kupanda na kushuka vilima vya Nkunga na mkungu wa ndizi kichwani kwa miaka mingi huchangia magoti kusagika. Ukishauriwa kuwekewa goti bandia, uliza ni la metali gani. Aloi ya zirikoni ikipashwa moto hewani, nyuzi joto 500 hivi, uso wake hugeuka kauri nyeusi, ngumu, isiyolika upesi. Ina nikeli kidogo mno, nafuu kwa anayewashwa na hereni za bei rahisi. Lakini tabaka hilo ni jembamba kuliko unywele. Likichubuka, metali laini hubaki wazi. Kwa maoni yangu, kila mgonjwa atoke hospitali na kadi yenye aina ya kiungo, metali na tarehe. Daktari atakayekupokea miaka 15 baadaye ataihitaji.