Ukomo wa Windows 10: Kompyuta ya steshenari na usalama wa taarifa za mwananchi

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

OKTOBA 14, 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilihitimisha utoaji wa kawaida wa masasisho ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10, mfumo uliozinduliwa Julai 29, 2015 na ambao kwa muongo mzima umeendesha kompyuta za ofisi, shule, maduka na nyumba katika kila pembe ya dunia. Kwa mtumiaji wa kawaida, siku hiyo ilipita kimya. Kompyuta iliwaka kama ilivyowaka jana yake, barua ziliandikwa, nyaraka zilichapishwa na intaneti ilifunguka bila kikwazo.

Ukimya huo ndio unaolifanya jambo hili listahili kuchambuliwa. Kompyuta iliyoharibika humlazimisha mwenye nayo kumtafuta fundi. Kompyuta iliyopoteza ulinzi haimlazimishi mtu yeyote kufanya lolote, na kwa sababu hiyo inaweza kuendelea kutumika kwa miaka huku ikipokea vyeti, namba za utambulisho na maneno ya siri ya mamia ya watu.

Kinachokoma ni nini

Kila mfumo endeshi huundwa kwa mamilioni ya mistari ya maelekezo, na ndani yake hubaki kasoro ambazo hugunduliwa baada ya mfumo kuanza kutumika. Kasoro inapobainika, mtengenezaji hutoa kiraka cha kuiziba. Kwa Windows, viraka hivyo hutolewa kila mwezi, Jumanne ya pili. Baada ya ukomo, kasoro mpya zinaendelea kugunduliwa, lakini kompyuta ambayo mwenye nayo hajachukua hatua yoyote haipokei tena viraka vya kuziziba.

Hatari hiyo ina sura nyingine isiyozungumzwa mara kwa mara. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, imejengwa juu ya msingi ule ule wa Windows 10. Kiraka kinachotolewa kwa ajili ya mfumo mpya huweza kumwonesha mdukuzi ni wapi kasoro ilipo katika mfumo wa zamani. Kwa maneno mengine, kila fundi anapotengeneza komeo la nyumba mpya, mwizi anajifunza udhaifu wa komeo la nyumba ya zamani.

Dunia imekwisha kulipa gharama ya kupuuza viraka. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kasoro kubwa iliyokuwamo katika Windows. Miezi miwili baadaye, Mei 12, kirusi cha WannaCry kilipita katika kasoro hiyo hiyo, kikafunga mafaili ya kompyuta katika nchi zipatazo 150 na kuwadai wenye nazo malipo ya kuanzia Dola za Marekani 300. Nchini Uingereza, ukaguzi wa Serikali ulibaini kuwa angalau theluthi moja ya taasisi zinazosimamia hospitali za umma England zilivurugiwa huduma, na miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kuzidi 19,000 ilifutwa. Waliokuwa wamesasisha kompyuta zao kwa wakati walinusurika. Dawa ilikuwapo kwa miezi miwili, ila haikutumiwa.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Huduma nyingi za umma nchini sasa zinapatikana kwa njia ya mtandao. Kijana anayeomba mkopo wa elimu ya juu, mhitimu anayeomba kazi kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na mfanyabiashara anayesajili jina la biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, wote hutakiwa kujaza fomu katika kompyuta na kuambatisha nyaraka. Si kila mmoja wao ana kompyuta. Wengi huenda steshenari ya karibu, wakamkabidhi mhudumu cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa na vyeti vya shule ili avipige skani, na mara nyingi wakamtajia hata nenosiri ili awakamilishie kazi.

Hapo ndipo penye uzito wa suala hili. Taasisi ya Serikali inaweza kuwekeza katika ulinzi wa mifumo yake kadiri inavyowezekana, lakini taarifa za mwananchi hupita kwanza katika kompyuta ya steshenari kabla hazijafika katika mfumo huo. Kompyuta hiyo ikiwa na programu hasidi inayonakili kila herufi inayobonyezwa, nenosiri linakuwa limeibwa kabla halijavuka mtaa.

Mazingira ya soko letu yanaongeza uzito huo. Kompyuta nyingi zinazouzwa madukani ni za mtumba, zilizotumika kwanza katika ofisi za nchi nyingine. Kadiri taasisi za nje zinavyoondoa kompyuta zisizokubali Windows 11, ndivyo kompyuta hizo zinavyotarajiwa kutafuta wanunuzi kwingine. Bei yake itavutia. Mnunuzi asiyejua la kuuliza anaweza kujikuta amenunua kwa fedha taslimu kifaa ambacho muda wake wa ulinzi umekwisha.

Kukagua kompyuta yako

Hatua ya kwanza ni kujua mfumo uliopo. Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi R, andika neno winver, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Dirisha dogo litaonesha kama kompyuta inatumia Windows 10 au 11, pamoja na toleo lake.

Hatua ya pili ni kujua kama kompyuta inakubali Windows 11. Masharti yake ni kumbukumbu ya kazi isiyopungua gigabaiti 4, hifadhi isiyopungua gigabaiti 64, chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha iliyoidhinishwa. Kwa ujumla, prosesa za Intel Core zinazokubalika ni kuanzia kizazi cha nane, na za AMD Ryzen ni kuanzia mfululizo wa 2000, ingawa zipo chache zinazotofautiana na kanuni hiyo. Microsoft hutoa bure programu ya PC Health Check inayofanya ukaguzi huu wote kwa mara moja.

Kwa anayekwenda kununua, muuzaji kusema kwamba kompyuta ni "Core i5" hakutoshi. Itazamwe namba inayofuata baada ya kistari. Prosesa ya i5-6300U ni ya kizazi cha sita, haikubaliki. Prosesa ya i5-8250U ni ya kizazi cha nane, inakubalika. Tofauti ya tarakimu moja ndiyo inayotenganisha kompyuta yenye miaka ya matumizi mbele yake na kompyuta ambayo muda wake umefika ukingoni.

Ikumbukwe pia kwamba baadhi ya kompyuta hukataliwa kwa sababu tu chipu ya TPM haijawashwa katika mipangilio ya awali ya mashine. Fundi mwenye ujuzi anaweza kuiwasha kwa dakika chache, na mwenye kompyuta hana haja ya kununua nyingine.

Njia nne na gharama zake

Njia ya kwanza, na iliyo nafuu zaidi, ni kuhamia Windows 11 kwa kompyuta inayokidhi masharti. Mwenye nakala halali ya Windows 10 hatozwi chochote. Kabla ya kuhama, nakala ya mafaili yote muhimu ihifadhiwe katika diski ya nje, na diski hiyo ichomolewe.

Njia ya pili ni kujiunga na mpango wa nyongeza ya masasisho. Kwa kompyuta za watu binafsi zenye toleo la 22H2, mpango huo ulitangazwa kuendelea hadi Oktoba 13, 2026. Mtumiaji anaweza kujiunga bila malipo kwa kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake katika akaunti ya Microsoft, au kwa kulipa Dola 30. Usajili hufanyika ndani ya kompyuta yenyewe, katika mipangilio, kwenye ukurasa wa masasisho ya Windows. Kwa taasisi na kampuni, bei iliyotangazwa ni Dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, ikiongezeka maradufu kila mwaka kwa muda usiozidi miaka mitatu. Kwa miaka yote mitatu, kompyuta moja itakuwa imegharimu Dola 427, fedha ambayo katika hali nyingi inatosha kununua kompyuta nyingine. Hivyo, nyongeza hii ifahamike kuwa ni muda wa kujipanga.

Njia ya tatu ni kuweka mfumo endeshi huria wa jamii ya Linux, kama vile Ubuntu au Linux Mint, ambao hutolewa bure na huendelea kupokea masasisho hata katika kompyuta zilizokataliwa na Windows 11. Kwa kuwa huduma nyingi za Serikali hufunguka kupitia kivinjari, kazi ya kujaza fomu haitegemei Windows. Wala njia hii si ngeni kwetu. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, mwenye biashara ahakikishe kwanza kuwa printa, skana na programu zake za hesabu zinafanya kazi katika mfumo huo. Mifumo hii inaweza kujaribiwa kutoka katika flashi bila kufuta kilichomo kwenye kompyuta.

Njia ya nne ni kununua kompyuta nyingine. Njia hii iwe ya mwisho, kwa kuwa ina gharama kwa mfuko na kwa mazingira. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilionesha kuwa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Ipo njia ya tano inayotembezwa mitaani, nayo ni kuwekewa Windows 11 ya "kuvunjwa" kwa ada ndogo. Programu za kukwepa leseni ni miongoni mwa njia zinazotumika sana kusambaza programu hasidi. Anayelipia huduma hiyo akitafuta usalama huenda akamfungulia mlango mtu yule yule anayemkimbia.

Wajibu wa mwenye kompyuta na wa mteja

Ni haki kuuliza kwa nini mwananchi aliyenunua kompyuta mwaka 2017, na ambayo bado ni nzima, abebe gharama ya uamuzi uliofanywa na kampuni ya nje. Ni kweli kwamba ukomo wa miaka kumi ulijulikana mapema, lakini masharti makali ya prosesa hayakuwapo wakati kompyuta hiyo inanunuliwa. Malalamiko hayo yana msingi. Pamoja na hayo, hayapunguzi wajibu wa anayepokea taarifa za watu wengine.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi azilinde dhidi ya upotevu na matumizi yasiyoidhinishwa, na utekelezaji wake unasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mwenye steshenari anayetunza skani za vitambulisho vya wateja katika kompyuta isiyopokea viraka anajiweka katika mazingira magumu ya kueleza jinsi alivyotimiza wajibu huo.

Kwa msingi huo, upo mpangilio wa vipaumbele unaofaa kuzingatiwa na mwenye kompyuta zaidi ya moja. Ya kwanza kushughulikiwa iwe ile inayogusa taarifa za watu wengine, ikifuatiwa na inayotumika kwa miamala ya fedha na barua pepe. Ile isiyounganishwa na intaneti, inayotumika kwa muziki au kuandika tu, inaweza kusubiri.

Mteja naye ana nafasi yake. Aandike nenosiri kwa mkono wake mwenyewe. Kivinjari kikiuliza kama kilihifadhi, akatae. Akimaliza, aondoke kwenye akaunti, kisha amwombe mhudumu afute skani zake, pamoja na zile zilizobaki katika kapu la taka la kompyuta. Akifika nyumbani, abadilishe nenosiri kwa kutumia simu yake. Na kabla ya yote hayo, si utovu wa adabu kumuuliza mhudumu swali moja: kompyuta hii inapokea masasisho?

Swali hilo likizoeleka, mwenye steshenari atakuwa na sababu ya kibiashara ya kutoahirisha kazi ambayo sheria tayari inamtaka aifanye. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa mwananchi ambaye cheti chake na namba yake ya utambulisho vimekwisha kuangukia mikononi mwa matapeli, ukuta huo ni mgumu kuujenga, kwa kuwa nenosiri hubadilishwa kwa dakika moja, lakini tarehe ya kuzaliwa haibadilishwi.