MWAKA WA MAZOEZI NI MWAKA WA KAZI



Wengi wetu tulalao Kitengela na kuvuka kila alfajiri kwenda viwanda vya EPZ, Athi River, tuna mtoto chuoni. Ukiuliza asomea nini, mara nyingi utaambiwa uuguzi, maabara au utabibu. Mimi nami ni mzazi wa namna hiyo. Binti yangu asoma uuguzi katika chuo kikuu kidogo cha serikali, mbali na hapa, na karo yake imekula ovataimu yangu ya miaka mitatu. Sijuti.

Lakini kuna jambo ambalo hatukuambiwa tulipokuwa tukijaza fomu. Digrii ya uuguzi ni miaka 4, ya udaktari miaka 6. Kisha ubaki mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, na bila huo mtu hapati leseni. Nafasi hutolewa na Wizara ya Afya. Wizara ikikawia, kijana hukaa nyumbani, cheti kabatini, nasi twaendelea kumlisha kwa mshahara ule ule wa cherehani.

Tena kuna habari ya malipo. Mwaka 2017, baada ya mgomo wa siku 100, chama cha madaktari, KMPDU, kilipata mapatano yaliyompa daktari wa mazoezi zaidi ya Shs. 206,000/- kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ikataka kulipa Shs. 70,000/-. Madaktari waligoma siku 56. Hapa kiwandani nilisikia ndugu zetu wakisema, "Wana tamaa hao, sisi twapata ngapi?" Ndugu, mapatano ya daktari yakivunjwa na watu wakanyamaza, tajiri wetu naye husoma gazeti. Desemba 2024 serikali ilikubali tena kiwango cha 2017, wala si kwa huruma.

Maoni yangu ni kwamba chama chetu kiiandikie Wizara, kidai nafasi zitolewe mara mtoto amalizapo, kwa wauguzi na matabibu pia, si madaktari peke yao. Na wewe mzazi, kabla ya kulipa karo ya kwanza, uliza kama Baraza la Wauguzi limekikubali chuo hicho. Lango lililopakwa rangi mpya si jibu. Uliza vile vile wanafunzi hufanya mazoezi hospitali gani, maana chuo kidogo chaweza kuwa hakina yake.

Nitalileta jambo hili katika mkutano wa tawi. Njoni, hasa ninyi akina mama wa zamu ya usiku.