Hakuna Kitu Kinaitwa "Ka-ndege Tu"

Wacha niseme, na mkinikasirikia ni sawa. Kizazi chetu kinatambua Subaru kwa mngurumo tu ikipita Thika Road, lakini tukiona ndege jibu ni moja: "Ni ka-ndege tu." Ka-ndege gani? "Kale kadogo." Manze, tuko Nairobi, si mwezini.

Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege. Watu wanapanda ndege kutoka Uingereza na Marekani, wanalipa pesa ndefu, ndio waje waone ndege ambao wewe unafukuza kwa kamba ya nguo. Halafu ukiona Mkenya na darubini shingoni unacheka, "huyo anajifanya mzungu."

Hiyo fikra ndiyo sitaki. Kujua ndege si uzungu. Kwarara, chozi, kwenzi, shore, pasa, tetere: hayo majina hayakuletwa na meli. Nyanya yako ana yake kwa lugha yenu, muulize. Sisi ndio tumeyaacha yafe, kisha tukasema ni mambo ya wazungu.

Anza na majirani. Yule anakuamsha alfajiri akipiga kelele kama ameibiwa ni kwarara: mkubwa, kahawia, mdomo mrefu uliopinda. Yule anazunguka juu ya shule na kumpokonya mtoto chapati mkononi ni mwewe. Mjue kwa mkia wenye pengo katikati. Kunguru wa Nairobi ana kifua cheupe. Ukishuka Mombasa, yule mwenye shingo ya kijivu ni mgeni kutoka India, na anakula mayai na makinda ya ndege wa hapa. Ukisema "kunguru ni kunguru", umefunga mwizi na mwenye nyumba kwenye seli moja.

Na wale korongo wenye vipara pale Nyayo Stadium, ambao kila mtu anawatukana? Miguu yao ni nyeupe kwa sababu wanajinyea ili wapoe jua likiwaka. Uchafu? Sawa. Lakini wanakula mizoga na takataka tulizotupa sisi. Mchafu ni nani hapo?

Kuna mtu atasema hii haileti unga. Muulize mwongoza watalii anayetambua ndege kwa sauti kama hapati kazi. Lakini tuache pesa kando. Kitu kisicho na jina huuawa bila kesi.

Mwangalie bundi. Akitua kwenye paa, watu wanaokota mawe, eti ameleta kifo. Wakimaliza, wanaenda dukani kununua sumu ya panya. Umeua mfanyakazi aliyekula panya bure, sasa unalipia sumu.

Na kule Kinangop kuna ndege mdogo wa kifua cha njano anayeishi kwenye nyasi za nyanda za juu za Kenya. Hapatikani nchi nyingine yoyote duniani. Nyasi zikilimwa zote, ameisha. Kwa Kiingereza anaitwa Sharpe's Longclaw, jina la Mwingereza. Ndege wetu pekee yetu, na wengi wenu mnamsikia leo kwa mara ya kwanza. Akitoweka tutaposti nini? "Pumzika salama, ka-ndege"?

"Sina darubini." Huhitaji. Digrii pia huhitaji. Mimi niliacha chuo na hakuna mwewe amewahi kuniuliza cheti. Angalia vitu vinne: ukubwa ukilinganisha na shomoro au kunguru, umbo la mdomo, mkia, na anachofanya. Anachimba nyasi? Ananing'inia kwenye ua? Anatembea na ng'ombe? Kisha pakua Merlin, ni ya bure. Jibu maswali yake, ikupe majina, halafu hakikisha kwa macho yako. Simu inakisia, wewe ndiye uko hapo. Ukitaka watu wa kutembea nao, Nature Kenya wana matembezi ya kutazama ndege Jumatano asubuhi kutoka makumbusho ya Nairobi, na wamekuwa wakitembea tangu miaka ya 1970. Wewe hata hujazaliwa.

Kwa hivyo wiki hii, weka simu chini dakika kumi na uangalie mti ulio nje ya ploti yenu. Nitajie watano wa mtaa wenu. Na "ka-ndege" haihesabiki.