Muache Eos Aponye

Saa nane usiku. Bando la usiku limeshaanza kuhesabu, mwenzangu wa chumbani anakoroma, na mimi nimetoka kumuua mtu nisiyemjua jina. Nimemuua kwa kumsaidia kupita kiasi. Kosa hilohilo nilikuwa nimelifanya mchana darasani, kwenye BTP, mbele ya wanafunzi 84, na hakuna aliyenishtaki.

Ngoja nianze na gemu, maana wengine mtaniuliza mwalimu mtarajiwa anatafuta nini kule.

Gemu yenyewe ni Final Fantasy XIV ya kampuni ya Square Enix. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 2010 ikapokelewa vibaya, wakaijenga upya, ikarudi mwaka 2013. Unaingia kwenye dunia moja na maelfu ya watu wengine. Ina toleo la majaribio ambalo unacheza bure mpaka levo ya 70, na ndilo ninalocheza mimi, maana boom lina kazi nyingine. Kwenye mapango mnaingia watu wanne: mlinzi mmoja anayepigwa kwa niaba yenu (wachezaji tunamuita tanki), washambuliaji wawili, na mponyaji mmoja. Mponyaji akizubaa, wote mnalala chini.

Nilichagua kuwa mponyaji anayeitwa Scholar, yaani msomi. Nakiri nilichagua kwa sababu silaha yake ni kitabu. Nikasema, huyu ni mwana-elimu mwenzangu. Nilichokuwa sijui ni kwamba Scholar haponyi peke yake. Anatembea na kichimbakazi, kiumbe kidogo chenye mabawa, jina lake Eos. Eos humsubiri mtu wa kundi apungukiwe damu, kisha anamponya mwenyewe, bila kuambiwa na bila kukupunguzia nguvu zako za uganga. Kazi yake ndogondogo lakini haikatiki. Wewe unabaki na mambo makubwa: ngao kabla pigo halijafika, kuondoa sumu, kumfufua aliyeanguka, na muda ukiwepo, kusaidia kumshambulia adui.

Mimi nilimuona Eos kama pambo.

Usiku ule tulikuwa Brayflox's Longstop, pango la levo ya 32, ambalo mwishoni kuna joka linaitwa Aiatar linalotema sumu. Mlinzi akipungukiwa damu kidogo tu, namponya. Eos naye anamponya. Damu ikijaa, nyingine yote inamwagika bure. Nikiona hatari mbali, namwekea ngao. Kabla haijavunjika, namwekea nyingine. Kumbe ngao ya pili haijumlishwi na ya kwanza, unalipa mara mbili kwa kitu kimoja. Kila uganga unakula takriban sekunde mbili na nusu na kipande cha nguvu zako. Tulipofika kwa joka nilikuwa mtupu. Sumu ikamwingia mlinzi, sina cha kuitolea. Akafa, nikafuata mimi. Na Scholar akifa, Eos anatoweka. Ukifufuliwa lazima umuite upya. Mimi nilifufuliwa nikaendelea kuhangaika na kitabu changu hadi mmoja wa washambuliaji akaandika kwa kifupi: kichimbakazi chako kiko wapi?

Swali hilo nililala nalo.

Mtu mwingine aliyenifundisha ni mtandao wetu. Seva za gemu hii ziko Japani, Amerika Kaskazini, Ulaya na Oceania. Afrika hakuna. Nikibonyeza kitufe hapa hosteli, amri inasafiri mpaka Ulaya na kurudi, na bando likiyumba, sekunde tatu nzima mimi ni sanamu. Siku moja ilinikamata katikati ya vita. Nilijua tumekwisha. Mtandao ulipoamka nikakuta mlinzi bado amesimama. Eos anaendeshwa na seva kulekule, hahitaji bando langu. Nilipokosekana, yeye alikuwepo. Tangu siku hiyo nikaanza kucheza kwa kuhesabu: hiki ni cha Eos, hiki ni changu. Mkwaruzo ni wake. Pigo kubwa ninaloliona linakuja ni langu, na ngao niiweke mapema kwa sababu mimi huchelewa kufika. Kuna amri inayoitwa Place, unamweka Eos mahali unapotaka asimame ili uponyaji wake uwafikie wote. Nilikuwa nayo tangu mwanzo sikuwahi kuigusa.

Sasa turudi darasani.

Nilipangiwa shule moja ya sekondari ya kata, Kidato cha Pili, Hisabati. Mada: Pythagoras. Kama mnavyojua, sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, na mwanafunzi wa kata anapambana na lugha kwanza, hesabu baadaye. Nilikuwa mwalimu hodari sana wa kuhangaika. Mkono ukinyooshwa, ninao. Swali halijaisha, nimeshajibu. Mtu akikosea ubaoni, namnyang'anya chaki namalizia mwenyewe. Jasho linatoka, shati linaganda, na mwalimu aliyekuja kunikagua akaandika kwamba nina bidii. Daftari za zoezi zilipokuja, zaidi ya nusu walikuwa wamechukua upande wowote ulioinama wakauita hypotenuse.

Dawati la tatu kulikuwa na msichana mmoja mnong'onaji. Nilimnyamazisha Jumatatu. Nilimnyamazisha Jumatano, nikamsimamisha. Alhamisi, baada ya ule usiku wa Brayflox, nilijikuta nimesimama karibu naye na kwa bahati sikufungua mdomo. Alikuwa anamwambia jirani yake kwa Kiswahili: "Tafuta kwanza ile kona ya mraba. Halafu angalia upande usioigusa. Ndiyo huo."

Jamani. Siku nne nilikuwa nasema "opposite the right angle" kwa sauti kubwa, na mtoto huyu alikuwa anaponya watu kimyakimya huku mimi nampiga marufuku.

Hoja yangu kwa wenzangu wa elimu ni hiyo. Tunafundishwa kuamini kwamba mwalimu bora ni yule anayeonekana kufanya kazi muda wote. Tunakariri ubunifu wa zana, tunakariri mbinu shirikishi, tunazijibu vizuri kwenye UE, kisha tukiingia darasani tunashika chaki kama vile mtu ataiiba. Mwalimu anayejibu kila swali anamwaga uponyaji juu ya mtu ambaye tayari anaponywa na jirani yake. Mbaya zaidi, anaishiwa nguvu kabla hajafika kwa aliyeumia kweli.

Nilibadilisha kiti. Nikamweka yule msichana katikati ya darasa, na wengine watano wenye kunong'ona kama yeye nikawasambaza. Kelele ziliongezeka, sitadanganya, hadi mwalimu wa darasa la jirani akachungulia. Lakini kwa mara ya kwanza mikono yangu ilikuwa mitupu, nikaweza kwenda dawati la mwisho. Huko nilikuta vijana watano ambao tatizo lao halikuwa Pythagoras hata kidogo. Walikuwa hawajui kwamba 5 kipeo cha pili ni 25. Walikuwa wanaandika 10. Wiki mbili nimewapita nikikimbilia mikono iliyonyooshwa, na wao mikono hawakuwahi kuinyoosha. Lile ndilo lilikuwa jeraha langu mimi. Hakuna jirani angeliponya.

Nitasema na upande wa pili, maana makala za kujisifu humu tunazo za kutosha.

Kwanza, mwanafunzi si Eos. Kichimbakazi hakichoki, hakina mtihani wa taifa mwezi wa kumi na moja. Wiki ya tatu yule msichana alileta daftari lina maswali mawili tu kati ya sita. Nikamuuliza. Akasema, "Mwalimu, wakati wanafanya mimi nilikuwa naelekeza." Nilijisikia vibaya kuliko siku ya joka. Kule kwenye gemu, ukifika levo ya 60 kuna mbinu inaitwa Dissipation: unamuondoa Eos kwa sekunde 30, nawe unapata chaji 3 za ziada na uponyaji wako unaongezeka asilimia 20. Anarudi mzima, tayari kutumika tena. Mtoto wa mtu hatumiki hivyo. Kwa hiyo tukaweka zamu: leo unaelekeza, kesho unafanya na huulizwi kitu.

Pili, mtaniambia mbona kwenye grupu za assignment tukiwaachia wenzetu kazi hawafanyi? Ni kweli wapo. Hata kule kuna mshambuliaji anayesimama kwenye moto makusudi, na huyo hakuna mponyaji anayemuweza. Jina lake litoke kwenye ukurasa wa mbele, basi. Ila tujiulize kwa uaminifu sisi tunaopenda kusema "nimebeba grupu". Mwaka wa pili nilibeba grupu la watu kumi. Mmoja alinitumia kurasa zake mbili siku tatu kabla, sikuzisoma, nikaandika zangu usiku mmoja kisha nikalalamika semesta nzima kwamba hakuna anayesaidia. Kurasa zake bado ziko kwenye simu yangu. Nimezisoma mwezi uliopita. Zilikuwa nzuri.

Tatu, gemu inakula muda. Inakula. Mwaka jana nilipata sapu moja na siwezi kuisingizia karatasi ya mtihani. Kwa hiyo siwaambii mwende mkashushe makumi ya GB ili muwe walimu bora. Mtu anaweza kuliona jambo hilihili jikoni kwa mama yake, au kwenye timu ya mpira. Mimi lilinikuta pangoni, kwa aibu, mbele ya watu watatu nisiowajua, na nadhani aibu ndiyo iliyolifanya likae.

Mwezi wa saba tunatawanyika tena, kila mtu na shule yake. Utafika utakuta daftari za kusahihisha, vumbi la chaki, na watu wazima wanaosubiri kuona kama una bidii. Nakuomba kitu kimoja tu. Kipindi cha kwanza, ukishauliza swali, nyamaza. Ukisikia mnong'ono dawati la tatu, usiseme "kelele". Sogea karibu, usikie anasema nini.