Machozi ya mama si pepo

Katika mukutano wetu mumoja, mama mumoja wa miaka 47 alisimama ili atoe mawazo yake, akaanza kulia. Hakuna mutu aliyemutukana, hakukuwa kilio nyumbani kwake. Kisha machozi, hasira. Kisha hasira, kimya. Wamoja walicheka. Wengine walinong'ona: «Pengine kuko kitu kinamufuata.» Na sisi tunaoandika hapa, tulinyamaza. Ni juu ya kule kunyamaza tunaandika.

Tunapenda kusema kama mila zetu zinaheshimu wamama. Tuulizane basi: mama akifika ile miaka ambapo damu ya mwezi inaanza kukosa mupango, usingizi unapotea, joto linamupanda usiku, anakasirika juu ya sahani moja, sisi tunamuita nani? Mugomvi. Kichaa. Na akikosa mutu wa kumutetea, muchawi. Neno hili si la kuchekesha: mwaka 2021, katika Kivu ya Kusini, kuko wanawake waliouawa juu ya kusingiziwa uchawi.

Sasa tuangalie Wachina. Imepita miaka karibu 1800, munganga wao Zhang Zhongjing aliandika juu ya mwanamuke mwenye huzuni, anayetaka kulia kila mara, anayepiga miayo, unaweza kusema roho fulani inamusukuma. Munganga aliona vizuri kama hali ile inafanana na mambo ya roho. Lakini hakuita mufukuza-pepo. Alisema ni viungo vya ndani vimekauka, akaandika dawa ya vitu vitatu: ngano, tunda la jujube na muzizi mutamu wa regilisi.

Kitabu kingine cha zamani zaidi, Huangdi Neijing, kinahesabu maisha ya mwanamuke kwa saba saba: kwa 14 damu inaanza, kwa 49 inamalizika. Kwao, hasira ni ya ini, woga ni wa figo, huzuni ni ya mapafu. Nguvu ya figo ikipunguka, maji yanashindwa kupoza moto wa moyo: ndiyo joto, ndiyo kukosa usingizi. Pumzi ya ini ikifungwa, hasira inalipuka. Kwa hiyo wamama wawili wa miaka moja wanaweza kupewa dawa mbalimbali, juu kila mumoja anaulizwa maulizo yake.

Mutu atasema: «Figo haina woga, hizo ni hadithi.» Sawa. Madaktari wa leo wanasema ni homoni ya estrojeni inayopanda na kushuka, na ubongo unaisikia. Tena mwaka 2016, wachunguzi wa Cochrane walikusanya majaribio ya dawa za majani za Wachina, na hawakupata uhakika wa kutosha kama zinatuliza taabu za miaka hii. Na regilisi ikizidi inapandisha tansiyo. Basi mutu asikimbie sokoni kununua unga usio na jina. Hatusifu unga. Tunasifu namna: waliuliza, wakasikiliza, wakaandika, wakaachia wajukuu.

Mwingine atasema: «Hayo ni ya kigeni, sisi tuko na mila yetu.» Iko wapi? Nyanya zetu walipita katika miaka hiyo yote. Nani aliwauliza? Nani aliandika? Mila isiyoandikwa na isiyopimwa, kila mwenye kelele anaigeuza fimbo ya kupigia wanyonge. Tuwaulize wangali hai, tuandike mazuri pamoja na mabaya, kisha tupime.

Wewe bwana wa nyumba, mbele ya kusema «bibi yangu amebadilika», uliza: «Unalala namna gani?» Wewe muchungaji, mbele ya kufukuza pepo, mutume kwa daktari. Na kwa ule mama wa mukutano wetu: ulilia mbele yetu, na hakuna hata mumoja wetu aliyekuletea kiti. Tunaomba musamaha.