NCHI HUPIMWA KWA DEBE GANI?

Msomaji, mara nyingi twasikia kwamba nchi fulani imeendelea sana katika sayansi na ufundi, na nyingine iko nyuma. Je, umepata kujiuliza wasemao hivyo hupima kwa debe gani? Jambo hili si la mabwana wakubwa wa mjini peke yao. Lakuhusu wewe mkulima, maana hesabu hizo husaidia kuamua fedha za nchi ziende wapi.

Zamani kila nchi ilijihesabia kwa namna yake, kama soko ambalo kila mchuuzi ana kopo lake. Mwaka 1963 wataalamu wa nchi kadha walikutana Frascati, Italia, wakajadili nini kihesabiwe kuwa utafiti na nini kisihesabiwe. Kipimo kilichotokana na mkutano huo, baada ya kurekebishwa mara kadha, ndicho kinachotumika hata leo. Hutazamwa katika kila shilingi 100 za pato la nchi, ngapi zimetumika kwa utafiti. Katika miaka ya karibuni Israeli na Korea ya Kusini zimetumia kama shilingi 5 au zaidi. Hesabu ya Kenya ya mwaka 2010 haikufika shilingi moja. Tena huhesabiwa wataalamu, maandishi wanayochapisha, na hati wanazopewa wavumbuzi.

Hesabu hizo ni njema, wala sizidharau. Nchi isiyotoa fedha za utafiti ni kama mtu asiyenunua mbegu kisha akatazamia mavuno. Lakini zina upungufu mmoja: zahesabu mbegu zilizopandwa kuliko magunia yaliyoingia ghalani.

Chukua mfano wa mahindi. Wataalamu wa Kitale walichanganya mahindi ya hapo na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador, Amerika ya Kusini, na mwaka 1964 wakatoa mbegu ya Hybrid 611. Mbegu hiyo ilipokewa upesi, hata na wakulima wenye mashamba madogo. Ukihesabu maandishi tu, kazi ile ni kurasa chache. Ukihesabu magunia, ni kazi kubwa mno.

Leo hekta moja ya mahindi Marekani hutoa tani 10 au zaidi. Wastani wetu ni karibu tani 2, au pungufu. Ni kweli kwamba mvua na udongo si sawa. Lakini hapa hapa kwetu wako wanaovuna mara mbili ya wastani huo kwa mbegu bora, mbolea, na kupanda mapema. Basi maarifa yamo nchini, ila hayajafika kila shamba. Nafasi iliyopo kati ya shamba la majaribio na shamba la jirani yako ndiyo ningependa ipimwe kwanza.

Katika hili nakiri kosa langu. Kwa miaka kadha niliandika katika taarifa za ofisi: "Mafunzo yalifanywa, wakulima 60 walihudhuria." Nikaridhika. Siku moja mama mmoja mzee aliniuliza, "Mwanangu, umeandika sisi tuliokuja. Waliokwenda nyumbani wakapanda kwa mistari umewaandika wapi?" Sikuwa na jibu, kwani karatasi yangu haikuwa na nafasi ya jambo hilo. Nami niliposomea ualimu nilifunzwa kwamba mtoto hapimwi kwa siku alizoketi darasani, bali kwa yale anayoweza kuyafanya.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu. Kwanza, karani akija kuuliza ekari na magunia yako, mwambie kweli. Wengine hupunguza kwa kuogopa kodi, na wengine huongeza wakitumaini kupata mbolea ya bei nafuu. Uongo huo mdogo, ukijumlishwa, huwa uongo wa nchi nzima. Pili, weka daftari lako: mbegu gani, tarehe ya kupanda, mbolea kiasi gani, magunia mangapi. Linganisha na mwaka uliopita. Tatu, sisi wa ofisini tuongeze safu moja katika karatasi zetu: ni wangapi waliobadili ukulima wao?

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Maarifa nayo ni mali.