Safari ya Matema: Mnyororo wa Utalii Unaokatikia Ufukweni

Mgeni anayeshuka Uwanja wa Ndege wa Songwe kwenda fukwe za Matema, Ziwa Nyasa, aghalabu hupita Ipinda bila kusimama. Hata hivyo, safari yake hupita mikononi mwa taasisi nyingi.

Wakala wa utalii hupewa leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Basi husimamiwa na LATRA, chombo cha majini hukaguliwa na TASAC, na barabara ya Kikusya–Ipinda–Matema ni ya TANROADS. Bodi ya Utalii hutangaza vivutio; Hifadhi ya Kitulo, jirani ya ziwa hilo, ni ya TANAPA.

Mnyororo huo hulegea ufukweni. Ikombe, kijiji cha wafinyanzi wa Kikisi chini ya Milima ya Livingstone, hufikiwa kwa mtumbwi au kwa miguu. Kampuni ya Arusha hupanga gari na malazi mapema, lakini mwenye mtumbwi hupatikana papo hapo, kwa maelewano ya mdomo. Asipokuwa na maboya ya kujiokolea, hakuna wakala makini atakayemwingiza kwenye ratiba, na chungu cha Ikombe kitaendelea kuuzwa kwa bei ya sokoni tu.

Halmashauri ya Wilaya ya Kyela ndiyo iliyo karibu zaidi na tatizo hili. Vijana wenye mitumbwi wakisajili kikundi, wanaweza kuomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo asilimia 4 ni fungu la vijana, wakanunua maboya hayo. Kampuni nayo itapata jina la kuandikiana nalo mkataba.